Samaki wako ana macho mang'avu, lakini nani amempima?

TUSEME umeshuka stejini Voi saa kumi na mbili jioni, njaa imekubana na mfukoni una mia mbili na ushee. Kwa mama karanga kuna tilapia ameshakaangwa, amekauka vizuri, pembeni kuna sima na kachumbari. Unamwangalia samaki, unanusa kidogo, unauliza: "Mama, huyu ni wa leo?" Unaambiwa ni wa Jipe, amekuja asubuhi na gari la Taveta. Basi, roho imetulia. Unakula mpaka unabaki ukifyonza miiba.

Kuna swali hukuuliza, na hata ungeuliza mama karanga asingekuwa na jibu: huyu samaki ana risasi kiasi gani ndani yake? Ana kadimi? Ana zebaki?

Sikuulizi ili nikutie kichefuchefu. Mimi pia namla huyo samaki. Nauliza kwa sababu namna tunavyokagua samaki hapa kwetu, kuanzia wewe mnunuzi hadi afisa wa afya anayepita sokoni, ni kwa macho, pua na kidole. Jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Ukaguzi huo ni mzuri sana kwa kumkamata samaki aliyeoza. Kwa metali nzito haufai kitu. Risasi haina harufu. Kadimi haibadilishi ladha. Samaki anaweza kuwa amevuliwa nusu saa iliyopita, bado anarusha mkia, na awe na mzigo ambao ni maabara pekee inayoweza kuuona.

(Na ndiyo, risasi ninayosema ni madini yale yale yanayotengenezewa risasi za bunduki. Kiswahili kimeyapa jina moja, na ukifikiria vizuri, hakikukosea.)

Sasa, kijana wa Taita Taveta hahitaji kufundishwa madini. Tumezaliwa juu yake. Kito cha tsavorite, kilichopatikana upande huu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Tsavo yetu, kinapata kijani chake kutokana na vanadi na kromi. Rubi za upande wa Kasigau ni nyekundu kwa sababu ya kromi hiyo hiyo. Kishushe kuna chuma. Kuna manganizi. Maana yake ni kwamba milima yetu imejaa metali tangu kabla ya binadamu kuwepo, na mawe yakikaa kimya ardhini hayana ubaya na mtu. Hata kromi iliyofungwa ndani ya kito haina neno; inayotisha ni aina nyingine, ile inayotoka kwenye viwanda kama vya ngozi na vya kuzamisha vyuma ili ving'ae.

Shida huanza tunapochimbua. Jiwe lililokaa gizani mamilioni ya miaka linavunjwa, linakuwa vumbi na kifusi, linaachwa pembeni ya shimo bila ukuta wa kuzuia. Halafu mvua inakuja. Unakumbuka ile mvua ya El Niño ya mwisho wa 2023? Unakumbuka maji yalivyokuwa mekundu kama chai ya tangawizi, yakishuka kwa kasi ya kubeba mbuzi? Maji yale hayakuchagua. Yalichukua kifusi cha machimbo, mafuta ya gereji, betri zilizotupwa, majivu ya takataka zinazochomwa nyuma ya plazi za maduka, mbolea ya mashamba, vyote kwa pamoja, na kuvipeleka kule maji yanakopenda kwenda, yaani chini.

Na chini ndiko samaki anakoishi.

Tazama ramani kidogo. Mto Voi unatoka Milima ya Taita, unapita mjini, unaingia Tsavo Mashariki kuelekea upande wa bwawa la Aruba, lililojengwa 1952. Mto Lumi unatoka Kilimanjaro, unapita Taveta na mashamba yake ya ndizi na mboga, unamwaga Ziwa Jipe. Jipe lenyewe tunagawana na Watanzania. Maji yake hutoka kwa Mto Ruvu kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu na hatimaye Pangani. Kisha kuna mto ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa wetu: Athi. Uchafu wa Nairobi, kuanzia maji ya viwandani hadi ya vyooni, unaingia Mto Nairobi, unaingia Athi, unashuka hadi ndani ya Tsavo, unakutana na Mto Tsavo na kubadilishwa jina kuwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo hata kiwanda ambacho hujawahi kukiona, kilicho kilomita mia tatu kutoka kwako, kinaweza kuwa jirani yako kwa njia ya maji.

Jipe ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, na si kwa sababu ya machimbo. Ni ziwa dogo, kama kilomita 30 za mraba, na kina chake hakifiki mita tatu. Ziwa la namna hiyo ni kama sufuria pana ya uji. Metali ikiingia haiendi mbali, inatulia kwenye tope. Upepo ukivuma, kiboko akipita, tope linakorogeka na kila kilichokuwa kimelala kinaamka. Linganisha na Chala, jirani yake, ambalo ni kasoko la volkano lenye kina cha mita zaidi ya 90. Huko kilichozama kimezama.

Halafu kuna yale magugu. Mtu yeyote aliyefika Jipe anajua magugu marefu yanavyolila ziwa, wavuvi wanakosa njia, mitumbwi inakwama. Tumeyalaani miaka na miaka. Lakini mimea ya aina hiyo ina tabia moja ya ajabu: mizizi yake hunyonya metali kutoka majini na topeni. Kuna nchi zinaipanda makusudi ili isafishe maji machafu. Lakini ni lazima uivune na uitoe. Ukiiacha ife na kuozea pale pale, ilichokinyonya inakirudisha. Sijasikia mjadala wa magugu ya Jipe ukilitaja hilo, na linabadilisha hesabu nzima ya nani ayakate na yapelekwe wapi.

Tumrudie samaki. Metali huingia mwilini mwake kwa njia mbili, matamvua na chakula. Risasi na kadimi hupenda kukaa kwenye matamvua, ini, figo na mifupa, kuliko kwenye nyama nyeupe unayoitafuta wewe. Zebaki ni habari nyingine. Bakteria wa topeni huigeuza kuwa aina inayonasa kwenye nyama yenyewe, na kila samaki mkubwa anayekula mdogo anarithi mzigo wa aliowala. Ndiyo maana tilapia, anayekula mwani na vitu vidogo vidogo, kwa kawaida huwa na zebaki kidogo kuliko samaki mwindaji. Kambare anayeishi topeni na kula chochote anachokikuta anahitaji kuangaliwa zaidi. Na omena, jamani, omena tunamla mzima: kichwa, matumbo, mifupa na vyote vilivyomo. Mifupa yake inatupa kalisi, na hapo hapo ndipo risasi hujificha.

Kukaanga hakusaidii. Moto unaua viini vya magonjwa. Metali haiuliki kwa sababu haiishi. Ukichemsha, ukichoma, ukipaka nazi, kilichokuwemo kimo.

Hapa najua kuna mtu atasema: "Babu yangu amekula samaki wa Jipe miaka themanini na bado anapanda mlima." Shikamoo kwa babu. Lakini ziwa la babu halikuwa na betri za pikipiki, simu kuukuu wala rangi za magari. Na pia, metali nzito haiangushi mtu sokoni. Ingekuwa inafanya hivyo, tungekuwa tumechukua hatua kitambo. Kazi yake ni ya polepole. Kadimi ikiingia kwenye figo hukaa humo miaka 10 hadi 30. Risasi hujificha kwenye mifupa kwa miongo, na mwanamke akipata mimba, mwili unapotoa kalisi kwenye mifupa kumjenga mtoto, risasi nayo inapata nafasi ya kutoka. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haugui ukamwona. Anakuwa mzito wa kushika somo, hatulii darasani, mwalimu anasema ni mtundu, mzazi anachukua kiboko.

Ukitaka kuona mwisho wa hadithi ya namna hii, nenda Japani. Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi na ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, wengi wameusikia. Lakini unaotufanana sisi zaidi ni ule wa mkoa wa Toyama. Huko mgodi ulikuwa juu milimani, ukamwaga kadimi kwenye Mto Jinzu, na wakulima wa bondeni wakanywa maji hayo, wakayanyweshea mpunga na kuvua samaki humo. Wanawake wazee walivunjika mifupa kwa kukohoa tu. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikubali 1968 kuwa chanzo ni mgodi. Mgodi juu, mto katikati, watu wa kawaida chini. Unauona mfanano?

Kama Japani ni mbali, panda matatu ya Mombasa. Owino Uhuru, Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa 2007 katikati ya makazi ya watu. Mmoja wa wafanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kuwa mtoto wake alikuwa na risasi mwilini, akaanza vita vilivyomletea kukamatwa, na baadaye, 2015, Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu miaka kutoka 2007. Na kumbuka kwamba kesi hiyo ilisimama kwa sababu moja kubwa: kulikuwa na vipimo. Damu ilipimwa, udongo ulipimwa, kukawa na namba mbele ya jaji. Bila namba ingekuwa ni kina mama wanaolalamika tu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye namba.

Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 0.3 za risasi kwa kila kilo ya nyama ya samaki, na kwa samaki wengi miligramu 0.05 za kadimi. Kiwango hicho cha risasi ndicho pia kilichomo kwenye mwongozo wa kimataifa wa chakula. Tufanye hesabu ya sahani yako pale stejini. Samaki wa robo kilo aliye kwenye ukingo wa kiwango anakupa mikrogramu 75 za risasi. Maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hayafai kuzidi mikrogramu 10 kwa lita. Kwa hivyo samaki mmoja "aliyepita mtihani" anaweza kukupa risasi sawa na lita saba na nusu za maji yaliyopita mtihani. Ukimla mara moja kwa mwezi si neno la kukukosesha usingizi. Mvuvi wa Jipe na watoto wake wanamla kila siku, na kiwango kimoja hakiwahesabu hivyo.

Na kinachoniudhi ni hiki. Kati ya 1997 na 2000 Ulaya iliwafungia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na sumu iliyokuwa ikitumiwa kuvulia. Viwanda vikalia, serikali zikakimbia, maabara zikapatikana, wakaguzi wakafundishwa. Leo minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya ina karatasi zake. Tilapia anayepanda probox kwenda Voi hana hata kipande. Kwa hivyo si kwamba nchi hii haijui kupima samaki. Inajua sana. Swali ni nani anahesabiwa kuwa mlaji anayestahili kupimiwa.

Na tusijidanganye kuwa hatari ni Jipe peke yake. Voi ni mji wa barabara na reli. Kwenye meza moja ya soko utakuta samaki wa baharini, omena wa Victoria, wa vidimbwi vya wakulima, na wale wa barafu kutoka Uchina. Wa vidimbwi watu huwaona salama kwa kuwa maji yanajulikana, lakini chakula chao mara nyingi kimechanganywa na omena wa kusagwa, na alichobeba omena kinahamia bwawani. Kisha kuna sufuria yako. Utafiti uliofanywa Kamerun na kuchapishwa 2014 ulionyesha kuwa sufuria zinazosubuliwa kwa vyuma chakavu zinaweza kutoa risasi kwenye chakula, hasa ukipika vitu vyenye ukali kama nyanya au ndimu. Unaweza kuwa na samaki safi kabisa na mchuzi wenye shida.

Sasa, kuna hatari nyingine, ya kupiga kelele bila ushahidi. Juni 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alisema sukari ya magendo iliyonaswa ilikuwa na zebaki. Wakubwa wengine serikalini wakasema tofauti. Wabunge wakaunda ripoti, kisha Agosti wakaitupa wenyewe huku wakishutumiana kuhusu hongo. Mwananchi alibaki na nini? Hofu, kwa siku chache, halafu akaendelea kukoroga chai. Fikiria sasa mtu arushe WhatsApp kuwa "samaki wa Jipe wana sumu". Kesho yake mvuvi hana soko, mama karanga anamwaga mafuta, mtoto anakosa karo. Na labda samaki hana lolote. Samaki ni protini ya bei ya mwananchi katika kaunti yenye watu zaidi ya 340,000, nyingi ya ardhi yake ikiwa ndani ya mbuga, na ukame hauishi kubisha hodi. Kumfukuza kwenye sahani kwa uvumi ni kosa pia.

Ndiyo maana mimi siombi marufuku. Naomba karatasi. Karatasi yenye tarehe, jina la ziwa au mto, aina ya samaki, na namba, ibandikwe pale ufuoni wanapopakia na pale sokoni Voi wanapouza.

Wa kuiandika wapo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapa hapa na kina shule ya uchimbaji madini na kituo cha mazingira na rasilimali kinachoshirikiana na Wajerumani. Taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, makao yake makuu ni Mombasa. Mkemia wa Serikali ana maabara Mombasa. NEMA inatakiwa kupata ripoti za ukaguzi wa mazingira za kila mwaka kutoka kwa miradi mikubwa, machimbo yakiwemo. Na Sheria ya Madini ya 2016 inasema katika mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii. Mimi ningefurahi kuona kiasi kidogo cha ile 20 kikienda kununua vichupa vya kuchukulia sampuli kabla hakijaenda kununua hema na viti vya sherehe.

Na wewe unaweza kuanza leo, bila kuwa mwanasayansi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza: naomba matokeo ya vipimo vya risasi, kadimi na zebaki kwenye samaki, maji na tope la Ziwa Jipe na Mto Voi kwa miaka mitano iliyopita, kama havipo, naomba kujua ni ofisi gani ina jukumu la kuvifanya na imepanga lini. Barua moja kwa idara ya uvuvi ya kaunti, moja kwa NEMA, moja kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wakikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nyumbani, kwa sasa, badilisha kidogo tu. Toa matumbo na matamvua yote, ini la samaki usimpe mtoto. Supu ya vichwa isiwe ya kila siku kwa mjamzito. Changanya: wiki hii tilapia, wiki ijayo wa baharini mdogo, siku nyingine maharagwe au pojo. Betri iliyokufa isitupwe mtoni wala kuvunjwa uani kwa ajili ya vyuma. Peleka kwa wanaonunua, na usikubali wazivunje karibu na watoto.

Ukipeleka ile barua, beba nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Siku 21 zinaanzia hapo.